Kupeleka komiki ng'ambo ikapimwe daraja, au kubaki nayo ilivyo: ipi inalipa?

Mtu anaishi mbali na Marekani, ana komiki anayoamini ni ya thamani, na ameona nakala kama yake ndani ya kasha gumu la plastiki, lebo imeandikwa 9.8 (alama ya hali yake, juu kabisa ikiwa 10), inauzwa mara tatu au nne ya bei ya ile isiyo na kasha. Hesabu anayoipiga kichwani ni nyepesi mno: chukua bei ile, toa bei hii, kinachobaki ni faida. Anachosahau ni bahari iliyo katikati, na kwamba hiyo 9.8 ni ya nakala ya mwenzake. Ya kwake bado haijapimwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa aliye nje ya Marekani, komiki nyingi hazistahili safari hiyo. Zinazostahili zipo, nazo ni za aina mbili zisizofanana hata kidogo: za zamani zenye bei kubwa, hata zikiwa zimechakaa, na za kisasa zilizo karibu na ukamilifu. Zilizoangukia katikati ndizo zinazokula fedha za watu.

Unalipia nini hasa

Kampuni ya CGC ya huko Florida ilianza kazi hii ya kupima komiki mwaka 2000. Kabla ya hapo muuzaji aliandika "hali nzuri sana" kwenye tangazo, na mnunuzi wa mbali akabaki na imani yake tu. Kitabu cha bei cha Overstreet, kilichoanza kutoka mwaka 1970, kilikuwa kimewapa wakusanyaji lugha ya pamoja ya kueleza hali ya komiki, lakini lugha ya pamoja haimzuii mwenye mali kujipendelea. CGC ikamweka mtu wa tatu katikati. Wapimaji wake wanahesabu kurasa, wanatafuta dalili za ukarabati, wanatoa alama kati ya 0.5 na 10, kisha komiki inafungwa kwenye kasha lililokusudiwa lisifunguliwe bila kuacha ushahidi.

Kwa hiyo ndani ya ada ile kuna vitu vitatu: maoni kuhusu hali ya komiki, ukaguzi wa ukarabati, na muhuri unaomfanya mgeni aliye mbali akuamini. Afadhali uvitenganishe kabla ya kulipa. Maoni kuhusu hali unaweza kujipatia mwenyewe kwa kiasi kikubwa, ukiwa na taa kali, kioo cha kukuza na roho ngumu. Ukaguzi wa ukarabati ni kazi nyingine. Rangi iliyopakwa kwa ustadi kwenye mgongo, ukingo uliokatwa nusu milimita ili unyooke, kurasa za nakala mbili zilizounganishwa kuwa moja, hayo humpita hata mzoefu. Na muhuri hauna kazi yoyote kama huna nia ya kuuza, au kama mnunuzi wako anaweza kuja akaishika komiki kwa mikono yake.

Rangi ya lebo nayo ina uzito sawa na alama, na wageni wengi wa jambo hili huitazama baadaye mno. Bluu ni komiki isiyo na ukarabati wala jambo la pekee. Zambarau ni iliyokarabatiwa, na wanunuzi wengi wa Marekani huikwepa kana kwamba inaambukiza. Njano ni ya sahihi iliyowekwa mbele ya shahidi wa CGC. Kijani ni komiki yenye kasoro moja kubwa inayotajwa kwenye lebo, na mfano wake mashuhuri ni The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974. Ndani yake Marvel walichapa stempu ambayo wasomaji walihimizwa waikate na kuibandika kwenye kijitabu. Watoto wakatii. Leo nakala yenye jalada linalong'aa inaweza kukosa kipande hicho kidogo cha karatasi na bei yake ikaporomoka vibaya. Kama unayo na hujawahi kuhesabu kurasa zake na kuitafuta stempu, anza hapo. Hilo halihitaji ada ya mtu.

Njia si mbili

Watu hulinganisha kupeleka na kutopeleka. Kwa aliye nje ya Marekani, njia ni zaidi ya hizo.

Unaweza kutuma mwenyewe moja kwa moja. Unalipia uanachama, unajaza fomu, unachagua huduma kulingana na umri wa komiki na thamani yake, unafunga mzigo, unasubiri wiki kadhaa au miezi. Uzuri wake ni kwamba hakuna mkono mwingine kati yako na wapimaji. Ubaya wake uko kwenye nauli. Wakati wa kwenda, kifurushi cha komiki moja na cha komiki kumi havipishani sana kwa bei, maana komiki ni nyepesi. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Kila kasha lina upana wa takriban sentimita 20 na urefu wa takriban sentimita 33, lina uzito mara kadhaa wa komiki iliyomo, na linahitaji kukingwa pande zote. Wengi huuliza nauli ya kwenda tu, na ya kurudi ndiyo kubwa.

Njia ya pili ni kupitia wakala, yaani duka au mtu anayekusanya komiki za wengi na kuzipeleka pamoja. Nauli inagawanywa, uanachama ni wake, na kwenye foleni ya forodha anasimama yeye. Wakala mzuri ana faida kubwa kuliko hizo: huziangalia komiki zako kwanza na kukwambia zipi urudi nazo nyumbani. Anayepokea kila unachomletea bila neno ni msafirishaji tu, na ulipe kama unayemlipa msafirishaji. Muulize mzigo unakatiwa bima kwa jina la nani, fidia inalipwa kwa nani, na nini hutokea komiki moja ikipotea kati ya hamsini. Kwa walio Ulaya, CGC ina ofisi London inayopokea komiki. Hata hapo uliza kazi yenyewe inafanyikia wapi, na komiki itavuka Atlantiki au la, kwa sababu jibu hilo linabadilisha muda, bima na kodi.

Njia ya tatu ni kubaki nayo ilivyo, kwenye mfuko wa poliesta na kadi isiyo na asidi, imesimama wima ndani ya sanduku, gizani, pakavu. Hapa kuna dhana inayouza makasha mengi: kwamba kasha huihifadhi komiki vizuri zaidi. Kasha huikinga isikunjwe na isishikwe hovyo, hilo ni kweli. Lakini halizuii hewa kabisa, unyevunyevu huingia, na mwanga ukiachwa uingie kila siku hufifisha rangi ndani ya kasha kama unavyofanya nje yake. Kwa utunzaji peke yake, mfuko mzuri na chumba kikavu vinatosha, na unabaki na uhuru wa kuisoma.

Ya nne haizungumzwi sana, nami naipenda kuliko zote: uza yako bila kasha, ununue iliyokwisha kupimwa. Sababu yake ni hii. Kila anayepeleka komiki ya kisasa anaomba 9.8. Wengi hurudishiwa 9.6 na 9.4, na hizo huuzwa kwa bei isiyofidia hata ada na nauli. Aliyelipia matumaini hayo ni mwenzako. Wewe unanunua matokeo. Kama unachotaka ni komiki nzuri yenye lebo kwenye rafu yako, hakuna njia nafuu kuliko hiyo.

Tahadhari moja tu kwa njia hiyo. Mwishoni mwa 2023 ilibainika kwamba kuna aliyekuwa akifungua makasha ya CGC, anabadilisha komiki iliyomo kwa nyingine duni, kisha anayarudisha kwa kampuni kwa kisingizio cha kubadilishiwa kasha lililochakaa. CGC ikatoa orodha ya namba za makasha zilizotiliwa shaka. Kabla ya kununua kwa bei kubwa, ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni na, kama ipo picha, ilinganishe na nakala unayouziwa: mkunjo kwa mkunjo, doa kwa doa.

Komiki ya kisasa, kwa tarakimu

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kudhania, ziweke zako mahali pake. Tuseme una komiki ya miaka ya karibuni inayouzwa dola 60 bila kasha. Unapeleka kumi kwa pamoja, na kwa kila moja unatumia dola 30 za kupimwa, 15 za kupigwa pasi (kunyooshwa mikunjo kabla ya kupimwa), 10 za nauli ya kwenda, 20 za kurudi, 10 za wakala na kodi. Jumla dola 85.

| Alama | Bei ya kuuza | Baada ya gharama | Ukilinganisha na kuuza bila kasha |
|---|---|---|---|
| 9.8 | 220 | 135 | faida 75 |
| 9.6 | 110 | 25 | hasara 35 |
| 9.4 | 80 | -5 | hasara 65 |
| 9.2 kushuka | 65 | -20 | hasara 80 |

Tazama 9.6. Ni komiki nzuri sana, wengi wasingeona kasoro yake, na bado imekutia hasara. Katika kumi, zikipata 9.8 nne, 9.6 nne na 9.4 mbili, wastani baada ya gharama ni dola 63 kwa kila moja. Umepeleka mzigo Marekani na kuurudisha ili upate dola 3 zaidi ya kuuza pale ulipo, na hapo sijahesabu miezi ambayo fedha yako ilikuwa imefungwa. Zikipata 9.8 tatu badala ya nne, na 9.4 tatu, wastani unashuka hadi 49, yaani hasara ya 11 kwa kila nakala. Zikipata 9.8 sita, 9.6 tatu na 9.4 moja, unafika 88, na hapo safari ina maana.

Na ukituma moja peke yake? Tuseme nauli ya kwenda 40 na ya kurudi 60. Pamoja na ada, pasi na kodi unakaribia dola 155. Hata ukipata 9.8 unabaki na 65, yaani dola 5 juu ya bei ya kuiuza kimyakimya. Kutuma komiki moja ya kisasa ni kununua tiketi ya bahati nasibu ambayo zawadi yake kuu ni dola tano.

Swali basi ni jinsi ya kujua kama zako ni za kundi lenye 9.8 sita au lenye tatu. Daraja la 9.8 halivumilii karibu chochote. Mkunjo mmoja mdogo mgongoni uliovunja rangi unatosha kukushusha, na pembe iliyogongwa hivyohivyo. Komiki iliyotoka dukani jana si 9.8 kwa sababu ni mpya. Imeshasafiri katika maboksi, imepangwa, imepanguliwa, na pengine ilikatwa upande kiwandani. Ishike chini ya taa kwa pembeni, uinamishe polepole, na utaona mistari ambayo kwa kutazama wima haionekani. Ukijikuta unajadiliana na nafsi yako kuhusu alama fulani kwenye mgongo, mpimaji ameshaiona.

Pasi husaidia, kwa mipaka. Joto, unyevu na mgandamizo hunyoosha mikunjo ambayo haijavunja rangi, na CGC haihesabu kazi hiyo kuwa ukarabati. Rangi iliyovunjika haitengenezwi na pasi. Kwa aliye mbali nashauri kazi hiyo ifanyike huko huko, kabla tu ya kupimwa, au isifanyike kabisa: komiki iliyonyooshwa nyumbani kisha ikapigwa misukosuko ya ndege na malori inaweza kufika na mikunjo mipya, na umelipia pasi bure.

Kabla ya yote, fungua takwimu za CGC zinazoonyesha ni nakala ngapi zimepata kila alama. Ukikuta 9.8 ni maelfu, bei ya leo inasimamiwa na shauku, na shauku huhama. Waliopeleka komiki za kisasa kwa wingi mwaka 2021, bei zikiwa zimepaa wakati wa janga la korona, wengi walirudishiwa makasha soko likiwa limeshapoa.

Za zamani: hapa ndipo lebo inapofanya kazi

Kwa komiki za zamani zenye bei, hesabu hubadilika tabia. Hazihitaji kupata alama ya juu ili zilipe. Zinahitaji kuthibitishwa kuwa kamili na hazijaguswa. Mnunuzi wa mbali anayetakiwa kutoa maelfu ya dola kwa komiki ya miaka ya 1960 iliyochakaa kidogo haogopi uchakavu anaouona kwenye picha. Anaogopa asiouona: ukurasa unaokosekana, gundi, rangi ya kalamu. Lebo ya bluu yenye 4.0 inaondoa hofu hiyo, na kuondoa hofu kuna bei.

Nakala ya Action Comics namba 1 ya mwaka 1938 iliyopewa 8.5 iliuzwa dola milioni 6 na nyumba ya mnada ya Heritage Auctions mwezi Aprili 2024. Miaka kumi nyuma, mwaka 2014, nakala nyingine ya toleo hilohilo yenye 9.0 iliuzwa dola milioni 3.2. Hakuna anayetoa fedha za namna hiyo kwa neno la muuzaji. Ukishuka hadi komiki za dola elfu moja au mbili, mantiki ni ileile kwa kiwango chake, na gharama za kupima na kusafirisha huwa sehemu ndogo ya thamani. Kumbuka tu kwamba ada hupanda na thamani ya komiki, na kwa zile ghali sana hukokotolewa kwa asilimia.

Je, ikigundulika imekarabatiwa? Bei itashuka, pengine hadi nusu. Watu husema lebo imewatia hasara. Lebo haikupaka rangi mgongo wa komiki, iliisoma tu. Kama uliinunua karibuni kwa mtu aliyekuhakikishia haijaguswa, jibu hilo linakupa msingi wa kudai fedha zako. Kama ilikuwa ya familia tangu zamani, angalau hutaiuza kwa maneno ambayo baadaye yatakurudia.

Na hapa kuna jambo linaloweza kuokoa fedha kuliko ujanja mwingine wote: kama nia ni kuuza, komiki isirudi. Nyumba kubwa za mnada hupokea komiki kutoka kwa mwenyewe, huzipeleka kupimwa, huziuza, na kukata gharama kwenye mauzo. Safari inakuwa ya upande mmoja. Nauli kubwa ya kurudi haipo, hatari ya kasha kupasuka njiani haipo, na hakuna afisa wa forodha wa kwenu atakayekuuliza kwa nini unaingiza kitu cha dola elfu tatu. Kamisheni yao si ndogo, kwa hiyo hili ni la komiki za bei kubwa tu.

CGC au CBCS

Mshindani anayejulikana zaidi wa CGC ni CBCS, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Steve Borock, ambaye alikuwa mmoja wa waasisi wa upimaji ndani ya CGC yenyewe, na baadaye ikachukuliwa na Beckett, kampuni ya kukagua vitu vya wakusanyaji. Kwa ubora wa upimaji, wanaozijua zote mbili hubishana bila kumaliza. Kwa bei ya kuuza ubishi ni mdogo: nakala ya CGC kwa kawaida huuzwa haraka zaidi na kwa bei ya juu zaidi ya alama ileile ya CBCS. Aliye Marekani anaweza kuvutwa na ada nafuu kidogo. Aliye ng'ambo hana sababu hiyo, kwa kuwa nauli, bima na kodi ni zilezile popote anapopeleka; kuokoa dola chache kwenye ada ili upoteze nyingi kwenye mauzo hakueleweki. Na zile kampuni ndogo za bei ya kutupa, sokoni makasha yao mara nyingi hupewa bei ya komiki isiyopimwa. Ziache.

Kuna jambo moja ambapo ningeelekea CBCS bila kusita: sahihi. Lebo ya njano ya CGC kwa kawaida inataka shahidi wake awepo mchoraji anapotia sahihi. Kama komiki yako ilitiwa sahihi kwenye tamasha ambako shahidi huyo hakuwepo, au miaka mingi kabla CGC haijaanza, njia hiyo ya shahidi imefungwa. CBCS, kwa kutumia wataalamu wa mwandiko wa Beckett, huthibitisha sahihi ambazo hazikushuhudiwa. Wakusanyaji wa nje ya Marekani ndio wenye sahihi za namna hii kwa wingi, kwa sababu walikutana na wachoraji kwenye matamasha ya kwao.

Kama komiki yenyewe si ya Marekani

Makosa mengi ya hesabu hutokea hapa, kwa kuwa watu husoma bei ya nakala moja wakiwa wameshika nyingine.

Kuanzia mwaka 1960 Marvel walichapa sehemu ya nakala zao kwa ajili ya Uingereza, kwa mitambo ileile, tofauti kubwa ikiwa bei ya pensi kwenye jalada badala ya senti. Ni chache kuliko za senti, na kwa miaka mingi zimeuzwa bei ya chini yake. Lebo itataja kwamba ni ya Uingereza. Kwa hiyo ukikokotoa faida kwa bei ya nakala ya senti, umeshajidanganya kabla ya kufika posta. Tazama kisanduku cha bei kwanza. Upande wa pili kuna nakala za Marvel za Kanada za kati ya 1982 na 1986, zenye bei ya Kanada kwenye jalada. Hizo wakusanyaji wamezipandisha, mara nyingi juu ya zile za Marekani, na lebo inayozitaja waziwazi huongeza kitu.

Albamu za jalada gumu za Ubelgiji na Ufaransa ni ulimwengu mwingine. Bei zake zimejengwa juu ya mwongozo wa bei wa BDM, unaotoka tangu 1979, na juu ya mazoea ya wanunuzi wanaotaka kufungua kitabu: wasome jalada la nyuma, orodha ya vitabu vilivyotangulia, mwaka wa uchapishaji, kitambaa cha mgongo. Mnunuzi wa namna hiyo ukimpa kasha lililofungwa, atatafuta bisibisi. Peleka kwenye mnada wa Paris au Brussels, si Florida. Manga za Kijapani ziko njia panda: matoleo ya kwanza ya mfululizo maarufu yameanza kutafutwa yakiwa kwenye makasha na wanunuzi wa Marekani, ila rekodi za mauzo ni chache, na pasipo rekodi unakisia.

Safari yenyewe

Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru wala taratibu ndefu. Ushauri ulioandikwa kabla ya tarehe hiyo kuhusu kutuma komiki huko uusome kwa mashaka. Tangazo la forodha lijazwe kikamilifu: ni machapisho, ni ya mwaka gani, yanakwenda kupimwa kisha yatarudishwa kwa mwenyewe.

Kurudi ndiko kunakouma. Mkataba wa Florence wa UNESCO wa mwaka 1950 umezifanya nchi nyingi zisitoze ushuru wa forodha kwa vitabu na machapisho, lakini kodi ya ongezeko la thamani ni jambo jingine, na afisa anayeona kasha lenye thamani ya dola 900 hajui kwamba lilitoka nchini kwako likiwa lako. Nchi nyingi zina utaratibu wa bidhaa iliyotoka kwa muda na kurudi, lakini ushahidi unatengenezwa kabla ya kutoka: fomu iliyogongwa muhuri, picha, orodha ya komiki moja moja. Ukifika na maelezo tu baada ya mzigo kurudi, utalipa.

Bima isome maandishi madogo. Kampuni nyingi za vifurushi hukubali uandike thamani yoyote na kuilipia, kisha kwenye masharti zimeweka kikomo cha fidia kwa vitu vya wakusanyaji. Kwa mzigo mkubwa, bima ya kujitegemea ya mikusanyo ni salama zaidi.

Kufunga mzigo wa kwenda ni rahisi: kila komiki kwenye mfuko na kadi yake, zikabanwa kati ya mbao mbili nyembamba au kadibodi ngumu zilizo kubwa kuliko komiki, kisha boksi ndani ya boksi. Usibandike utepe wa gundi karibu na mdomo wa mfuko. Komiki nyingi zimechanika mikononi mwa mtu aliyekuwa akizitoa. Kwa kurudi, huna udhibiti. Wakusanyaji wanaijua kasoro inayotokea ndani ya kasha lenyewe: komiki hutikisika njiani, hasa nzito na nene, pembe zikajigonga, na ile 9.8 iliyo kwenye lebo haipo tena ndani. Safari ndefu yenye vituo vingi huongeza uwezekano huo. Mzigo ukifika, ufungue siku hiyohiyo huku ukirekodi video, ukague pembe za kila komiki kupitia plastiki na nyufa kwenye kingo za makasha, kwa sababu muda wa kuwasilisha madai ya uharibifu huwa mfupi, na unaanza kuhesabiwa siku kifurushi kilipopokelewa.